Mikindu ya Mwambao na Mahali Moyo Wake Ulipo

Mwezi Mei 2020, baada ya vuli kubwa ya mwaka 2019 kuungana na masika ambayo hayakutaka kukoma, Ziwa Victoria lilipanda hadi kuzidi kidogo kiwango cha mwaka 1964, ambacho kwa zaidi ya nusu karne kilikuwa ndicho cha juu kabisa kuwahi kuandikwa. Huku kwetu Mwanza, kuanzia Luchelele hadi Igombe na Kayenze, maji yaliingia kwenye mialo, yakafunika vichanja vya kuanikia dagaa, yakapiga kuta za majengo yaliyosogezwa mno ufukoni, na kisha yakakaa. Kukaa huko ndiko kulikoua miti. Mipapai ilianguka kwanza, miparachichi ikafuata kwa kupukutisha majani tawi baada ya tawi, na hata baadhi ya miti mikubwa ya kivuli ilikauka ikiwa imesimama. Mikindu iliyokuwa majini pamoja nayo haikufanya lolote la kustaajabisha. Iliendelea kuwa ya kijani, na maji yalipoanza kurudi nyuma ilikuwa na machipukizi mapya kwenye mashina yaliyokuwa yamezama.

Tangu wakati huo nimekuwa nikiitazama miti ya jamii ya mitende kwa makini zaidi, hii ya porini na ile tuliyoipanda wenyewe, na hoja ninayotaka kuijenga hapa ni moja. Ukitaka kujua kama mti wa jamii hii utanusurika moto, mafuriko, upepo, panga au jembe, usiulize shina lake ni gumu kiasi gani. Uliza moyo wake uko wapi, na kama unao mmoja au mingi.

Miti tuliyoizoea, mwembe au mjohoro kwa mfano, hunenepa kila mwaka kwa tabaka jembamba la seli hai lililo chini ya gamba. Tabaka hilo likikatwa kuzunguka shina lote, au likiungua, mti hufa ingawa mbao zake bado ni nzima. Miti ya jamii ya mitende haina tabaka hilo. Shina lake ni mirija mingi iliyotawanyika kuanzia nje hadi katikati, kama kamba nyembamba zilizofungwa pamoja, na uhai haukai kwenye ngozi ya nje peke yake. Moto ukiunguza upande wa nje, mirija ya ndani huendelea kupandisha maji. Ndiyo maana unaweza kuuona mkindu uliogeuka mweusi tangu chini hadi juu, na baada ya muda mfupi kuti jipya limesimama wima katikati ya masizi.

Neema hiyo ina gharama. Mti usio na tabaka la kunenepea hauwezi kufunga jeraha. Msumari unaopigiliwa kwenye mnazi ili kutundika tangazo la mganga au la chumba cha kupanga utaacha tundu litakalodumu mpaka mti ufe. Shina likipungua unene kwa sababu ya ukame au upungufu wa madini, hali ya hewa ikitengemaa litaendelea kupanda likiwa nene tena huko juu, lakini pale lilipopungua patabaki shingo nyembamba, na hapo ndipo upepo utakapokuja kulivunjia. Zaidi ya hayo, seli zilizo chini kabisa ya shina, zilizokuwapo tangu mti ukiwa mdogo, zinapaswa kuishi na kufanya kazi kwa makumi ya miaka bila kubadilishwa. Huo ni mzigo ambao mwembe haujawahi kubebeshwa.

Juu ya hayo yote upo moyo: ncha moja laini na nyeupe, iliyofichwa katikati ya vitako vya makuti, ambamo kila jani, kila ua na kila kipande cha shina hutokea. Watu wa pwani wanaufahamu vizuri, kwa sababu mnazi unapoangushwa wao hulichukua shaha na kulila, na wanajua pia kwamba hakuna namna ya kulipata bila kuua mti. Radi nayo inaujua. Ziwa letu ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa radi kwa wingi sana, hasa usiku, na mnazi uliopigwa mara nyingi hausambaratiki. Hubaki umesimama, makuti yakalegea na kuning'inia ubavuni mwa shina, na baada ya majuma kadhaa kichwa chote kikadondoka. Shina zima, mizizi mizima, na mti umekwisha.

Kwa kuwa moyo ni mmoja na hauna mbadala, kila aina ya mti wa jamii hii imejitafutia njia yake ya kuulinda. Njia inayonivutia kuliko zote ni ya mvumo. Mbegu ya mvumo haiotei pale ilipoangukia. Inapochipua hutoa kitu kinachofanana na mzizi mnene, ambacho kwa kweli ni bua la jani la kwanza, nacho huchimba kwenda chini kwa makumi ya sentimita kikiwa kimebeba moyo wa mche kwenye ncha yake. Kwa hiyo mche wa mvumo huanza maisha yake ukiwa umezikwa. Kwa miaka mingi hauna shina la kuonekana. Unatoa majani machache yanayotokeza juu ya nyasi, na chini ya udongo unatengeneza upana wote wa shina litakalokuja baadaye, kwa sababu ukishaanza kupanda juu hautapata tena nafasi nzuri ya kunenepa. Moto wa kiangazi ukipita hula majani hayo na kuuacha moyo salama ardhini. Huko Lamto, nchini Kodivaa, watafiti wameifuatilia mivumo tangu miaka ya 1960 katika savana inayoungua karibu kila mwaka, na mivumo ndiyo inayolipa eneo lile sura yake.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo hili la mche uliozikwa, kwa sababu ndilo linalotuponza. Mkulima wa Usukumani anayelima kwa plau ya ng'ombe hahitaji kuuchukia mvumo ili aumalize. Hata akiuheshimu ule mrefu, akauacha usimame katikati ya shamba la pamba au mahindi kwa ajili ya kivuli na matunda, plau yake hukata chini ya udongo, mahali ambapo mche ulidhani ni salama. Moto wa miaka elfu nyingi uliufundisha mti ule kujificha chini; jembe ndilo lililokuja kutafuta chini. Ng'ombe nao hula majani ya miche mara kwa mara, wala hawaji mara moja kwa mwaka kama moto, na akiba ya wanga iliyo ardhini huisha kabla haijarudishwa. Matokeo yake ni mandhari yanayodanganya: mivumo mirefu na mizuri kabisa, inayopigwa picha na wapita njia, ambayo haina hata mtoto mmoja chini yake. Msitu wa namna hiyo umekwisha kufa, ila mashina yake yana ukaidi wa kuendelea kusimama. Mtu anayetaka kujua hali ya mitende ya porini asitazame vilele. Atazame nyasi.

Mkindu umechukua njia nyingine. Badala ya kuuficha moyo mmoja, unajipatia mingi. Kila kichaka cha mkindu ni shina la kwanza na ndugu zake waliochipua pembeni, baadhi wakiwa warefu na wameinama kuelekea majini, wengine wakiwa bado ni fungu la majani yenye miiba mikali chini. Shina moja likianguka, likikatwa au likiozwa na wadudu, kichaka hakihesabu kwamba kimekufa. Ndiyo maana mkindu unaweza kuishi mahali pasipotulia kabisa: kingo za mito kama Grumeti na Seronera kule Serengeti, ambako tembo huvunja na mafuriko huchimbua, na ukanda wa ziwa letu, ambako mstari kati ya maji na nchi kavu haujawahi kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu.

Mizizi yake inasaidia vilevile. Mti wa jamii hii hauna mzizi mkuu mmoja wa kuutegemea. Hutoa mizizi mipya kutoka kitako cha shina maisha yake yote, kwa hiyo ile ya zamani ikikosa hewa chini ya maji, mingine inaweza kutoka juu kidogo. Mwale umekwenda mbali zaidi. Katika mabonde yenye tope ya upande wa Kagera, huo huinua mizizi midogo kutoka matopeni ili ipumue. Lakini mwale una tabia moja inayoutofautisha na mkindu: shina lake huchanua mara moja tu, baada ya miaka mingi ya kujilimbikizia, likazaa matunda yale yenye magamba yanayong'aa, kisha likafa. Anayekata mwale kabla haujachanua, hata kama ni kwa ajili ya fito na kamba za halali kabisa, ameondoa uzazi wote wa shina lile, ambao ulikuwa haujaanza.

Wakati mwingine nikifikiria historia ya ziwa lenyewe naona mafuriko ya 2020 yalikuwa jambo dogo. Takriban miaka 15,000 iliyopita bonde hili lilikuwa limekauka. Palipo na ngalawa na mitumbwi leo palikuwa na nyasi, na kila mti unaopenda maji ulilazimika kujibana kwenye vijito na chemchemi zilizosalia, kisha kufuata maji yaliporudi. Bara la Afrika lina aina chache sana za mitende ya asili, hazifiki 70 kati ya zaidi ya 2,500 zinazojulikana duniani, na wataalamu wengi wanahusisha uchache huo na ukame wa vipindi vya kale. Tulizonazo ni zile zilizopita kwenye chujio hilo. Haishangazi kwamba mkindu hauna makuu.

Kuhusu upepo sina mengi, kwa kuwa kimbunga si tatizo la Mwanza. Inatosha kusema kwamba kuti limeumbwa kukunjamana na kukatika kabla shina halijakatika, na kwamba huko Puerto Rico, baada ya kimbunga Hugo cha Septemba 1989, mitende ya milimani ilipoteza majani lakini mingi ilibaki hai na kuchipua huku miti mingine mikubwa ikiwa imelala. Hata hivyo asije mtu akasema mtende hauangushwi. Kimbunga kilichoipiga Unguja Aprili 1872 kiliangamiza mikarafuu na minazi kwa pamoja.

Sasa nije kwetu binadamu, ambao tunaleta misukosuko ya aina ambayo miti hii haikuizoea. Si kila matumizi ni uharibifu. Hapa mtaani kwetu yupo mama mmoja mzaliwa wa Bukoba anayesuka mikeka na vikapu kwa ukindu, na siku niliyomkuta akichuma kando ya maji nilimwamkia, nikamwomba anieleze anavyochagua. Alitumia muda kunionyesha. Kinachotakiwa ni kuti changa ambalo bado halijafunguka, lile lililosimama kama mkuki, kwa sababu ndilo lenye chane laini na nyeupe.

“Shina moja, kuti moja, halafu unaliacha,” alisema. “Usilirudie mpaka yamefunguka mengine mawili. Ukilirudia kabla, mwanangu, huo si ukindu tena, ni wizi.”

“Na wanaorudia, mama?”

“Hao hukata na moyo wenyewe kwa sababu ya haraka. Hawasuki hao, wanauza mzigo.”

Kanuni yake ina mantiki kuliko inavyoonekana. Kuti kongwe limekwisha kulipa deni lake. Limetengeneza chakula kwa muda mrefu na mti uko tayari kuliacha. Kuti ambalo halijafunguka limegharimiwa lote na bado halijafanya kazi hata siku moja. Mti unaopokonywa kuti hilo hutumia akiba ya wanga iliyo ndani ya shina kutengeneza jingine, na ukipokonywa tena na tena, makuti yanayofuata hutoka madogo na matunda hupungua au hukoma. Hautakufa mara moja. Utaacha kuzaa kwanza, na hilo ni gumu kulitambua kwa mtu anayepita tu. Mkindu una jinsia mbili kwenye miti tofauti, kwa hiyo mashina ya kike yakiacha kuzaa, kichaka kitaendelea kwa machipukizi yake lakini hakutakuwa na tende ndogo za kubebwa na ndege na nyani kwenda kuanzisha kichaka kingine.

Wagema nao hutofautiana. Mgema wa mnazi hukata karara, akachukua utomvu wa ua ambao ungekuwa nazi. Mti hukosa mazao ya kole lile lakini moyo hauguswi, na mnazi unaweza kugemwa kwa miaka. Penye desturi ya kugema kwa kukata kilele chenyewe, kama inavyofanyika kwa mivumo na miale katika sehemu mbalimbali za Afrika, pombe hupatikana nyingi kwa muda mfupi na shina likaisha. Kwa mkindu wenye ndugu pembeni hasara hiyo inaweza kufidiwa. Kwa mvumo haifidiwi.

Nina malalamiko pia kuhusu mitende ya mapambo tuliyoipanda mjini, kwenye viwanja vya hoteli na kandokando ya barabara. Imezuka desturi ya kuipunguza makuti hadi yabaki machache yaliyosimama wima juu, eti ndiyo usafi. Mti wa jamii hii huvuta madini ya potasiamu kutoka kwenye makuti yanayozeeka na kuyapeleka kwenye yanayochipua. Ndiyo maana ya ile rangi ya manjano inayoanza chini. Ukikata kuti la manjano, mti hauponi, bali huanza kunyonya lililo juu yake, nalo likawa la manjano, likakatwa, na hivyo hivyo mpaka kichwa kinadhoofika na shina linaanza kuchongoka. Nimeona bustani zinazolipa watu kufanya kazi hiyo kwa bidii kila mwezi. Kuacha kuti likauke lenyewe ni bure.

Ipo pia sura ya pili ya uhusiano wetu na miti hii, kwamba baadhi yake hustawi kwa sababu ya vurugu zetu. Mchikichi ni mti wa mwanga. Ndani ya msitu mzito mche wake haupati nafasi, lakini mtu akifyeka na kuchoma shamba, kisha akaliacha lipumzike, michikichi hujaa. Huko Kigoma mkulima akisafisha shamba huiacha ile aliyoikuta, kwa ajili ya mawese na mise, na kizazi kwa kizazi imekuwa sehemu ya makazi. Huo ni ujirani wa kale kati ya mti na moto wa mkulima, na sina ugomvi nao. Kilichotokea katika kisiwa cha Bugala, kwenye visiwa vya Ssese upande wa Uganda wa ziwa hili hili, ni jambo tofauti. Tangu katikati ya miaka ya 2000 maelfu ya hekta yamegeuzwa mashamba ya michikichi iliyopandwa kwa mistari, na misitu ya asili ikafyekwa kuyapisha. Watu wamepata kipato, na sitalidharau hilo nikiwa nimekaa kwangu Mwanza. Lakini katika hesabu ya misukosuko ya mitende, hapo mtende ndio ulioshika shoka.

Kwetu shoka liko ufukoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ukanda huo ndiyo makazi hasa ya mkindu. Mwaka 2020 maji yalijipimia yenyewe mita hizo, bila kamba wala vigingi. Yalipopungua nilitarajia kuona watu wamesogea juu. Badala yake nimeona vichaka vikifyekwa ili kiwanja kionekane kina ufuko, mchanga ukichimbwa, bustani za mboga zikiteremka hadi kwenye matope. Kufyeka peke yake mkindu ungekuvumilia. Ukikata mashina yote leo, machipukizi yatatoka. Kinachoumaliza ni kung'oa kitako kizima kwa sururu au kwa mashine, kisha kuchoma visiki na kulima juu yake kila msimu, kwa sababu hapo hakuna moyo uliosalia, si wa juu wala wa pembeni.

Kurudisha si kazi ngumu. Mbegu huota zikipata unyevu, ingawa mche hukua polepole. Njia ya haraka zaidi ni kutenga chipukizi lenye mizizi yake kutoka kichaka kilichoshiba, kulipunguza majani ili lisipoteze maji, na kulipanda mwanzoni mwa masika mahali ambapo ardhi haikauki. Katika ukanda wa mtaa wetu tumepanda kadhaa kwa njia hiyo, na mengi yameshika. Yaliyokufa hayakufa kwa maji wala kwa jua. Mbuzi huyafuata kabla majani hayajakomaa miiba, wanayala hadi kwenye moyo, na kwa kuwa baadhi ya mbuzi hao ni wa mjumbe mwenyewe, kikao cha kuwafungia bado hakijaitishwa.